Mnapogawa miche, ulizeni itapandwa wapi

Mhariri,

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba, na mara nyingi hutanguliwa na upepo wa kuezua bati. Kabla hazijafika, naomba nafasi niseme kuhusu miti ya majumbani.

Huku Mufindi mtu akiuza milingoti yake, yaani mikaratusi, kwa ajili ya nguzo, mnunuzi huchukua iliyonyooka na kuacha miwili mitatu, hasa iliyo jirani na nyumba, maana mkataji anaogopa isije ikaangukia bati. Hiyo iliyobaki ndiyo ya hatari. Ilikulia katikati ya mingine ikigombania jua: shina jembamba, matawi yote kileleni, na mizizi haikuzoea kuhimili upepo. Siku ardhi ikilowa inang'oka na udongo wake. Ukiuza, uza yote ya upande ule, na iliyo karibu na ukuta mlipe mkataji anayepanda kwa kamba aishushe vipande vipande.

Wengine wanadhani dawa ni kukata kilele. Si dawa. Machipukizi ya pale hujishikiza juujuu huku kidonda kikioza ndani, na baada ya miaka michache una matawi mazito yasiyo na mshiko.

Halafu kuna agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Naliunga mkono, ila tunahesabiwa miche tu. Mlingoti ukiwa kwenye kiriba haufiki gotini; ukikomaa unapita mita 30. Mti wa namna hiyo ukae mbali na nyumba kuliko urefu utakaofikia, na nyaya za umeme pia ziepukwe. Mwenye kiwanja kidogo, na mjini Mbeya ndio wengi, apande mpera, au mparachichi wa kubebeshwa anaoupogolea. Asiuache ufunike paa, maana tawi la parachichi likilemewa na matunda huvunjika bila hata dhoruba.

Sisemi tufyeke kila kitu. Safu ya miti iliyo mbali, upande unakotokea upepo, huupunguza nguvu kabla haujafika kwenye kenchi. Jirani zangu waliofyeka yote sasa wanapanga mawe juu ya bati!

Maofisa misitu, siku ya kugawa miche muulizeni anayepokea kiwanja chake kina ukubwa gani kabla hamjamkabidhi mlingoti.

Mkazi wa Mafinga,
Iringa