Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wakulima wa Machungwa, Uyui, Tabora

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinituma nihakikishe elimu ya kilimo bora cha machungwa tuliyopata inafika shambani. Nimezunguka mashambani na nawaambia wazi: imefika nusu njia.

Kwenye miche tumesonga mbele. Wengi tumeacha kupanda mbegu. Tunapanda miche iliyobebeshwa, yaani chipukizi la chungwa limeunganishwa kwenye shina la mlimau. Kilichowavuta watu ni mti wa jirani. Mche wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali mti wa mbegu unaweza kukusubirisha miaka saba na zaidi. Aliyeliona hilo kwa macho hahitaji semina.

Tukishapanda, tunausahau mti. Nimekuta machipukizi yameota chini ya kiungo na kulipita tawi la chungwa. Yale ni ya mlimau. Ukiyaacha, chungwa hudumaa, unavuna malimau, kisha unamlaumu aliyekuuzia mche. Hata kwangu mti mmoja ulipotea hivyo msimu niliokuwa nauguza. Yang'oeni yakiwa bado laini.

Kuhusu matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo chini ya mti, wanaoogopa kwamba yataleta mchwa hawakosei. Lakini mchanga wetu haushiki maji, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni ya kubahatisha. Tandazeni, ila acheni wazi kiasi cha shubiri moja kuzunguka shina, na mkague kila wiki.

Kinachoniumiza zaidi ni inzi wa matunda. Yule aliyeingia kutoka Asia alionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na hachagui: embe, pera, chungwa, yote yake. Hutaga mayai ndani ya ganda. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, naye huingia udongoni na kutoka akiwa inzi mpya. Kwa hiyo kila tunda bovu tunaloliacha chini ya mti ni kiota. Dawa yake tunaifahamu sote: kuokota yaliyoanguka mara mbili kwa wiki na kuyafukia shimo la futi mbili. Walioifanya mwaka huu ni wachache, nao wamevunjika moyo, kwa sababu inzi wa shamba la jirani huvuka mpaka bila kuuliza. Mche bora mtu hupanda peke yake akafaidika. Hili la inzi haliwezekani mpaka tulifanye wote, pamoja na wenye miembe ya kando ya njia ambao si wanachama. Nitawaendea mwenyewe.

Hesabu atazisoma mtunza hazina. Kuuza machungwa yangali machanga mtini tutakujadili kwenye mengineyo.

Kamati imekubali tuchimbe mashimo ya kufukia kwa zamu kabla matunda hayajaanza kuanguka. Tutaanza na mashamba ya bondeni, Jumamosi ijayo saa moja asubuhi. Kila nyumba ilete jembe na sepetu.