Mwambie mwanao dubumaji anakufa

Dada shikamoo, mimi huku mzima, baridi tu ndo inanitoa roho. Voisi ya mwanao nimeisikiliza, ati dubumaji, yule kijinyama wa majini (tardigrade), hafi hata umpige mionzi vipi sababu ana ngozi inayoizuia. Msomee hii basi, maana hapa chuoni nakaa na watu wanaowafuga.

Anakufa vizuri tu, ila anachelewa. Mtu akipigwa grei 5 (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) mwili mzima bila matibabu kupona ni bahati, huyu anafika mpaka kama 5,000, na hata milimita moja wengi wao hawafikishi jamani, na miguu yao minane! Watu wanadhani siri ni kujikausha, kwamba maji yakiisha anajikunyata anakuwa kama punje, na kweli mionzi inaharibu sana kwa kupasua maji yaliyomo ndani ya seli, ndo zinatoka zile kemikali zinazotafuna DNA. Sasa mbona hata akiwa mbichi, anatembea zake, anavumilia karibu kiasi kilekile?

Mwaka 2016 Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokyo walitangaza protini inaitwa Dsup, inaing'ang'ania DNA na kuikinga, wakaitia kwenye seli za binadamu maabara na madhara ya eksirei yakapungua kama asilimia 40. Sawa, hapo mwanao ana kapointi, ingawa hiyo sio ngozi. Ila mimi kilichonikosha ni cha 2024, watafiti walipima wakakuta DNA ya dubumaji inakatika kweli, haijazuiwa chochote cha maana, ila seli zinawasha jeni za ukarabati kwa kasi ya kutisha na kuanza kuunga vipande. Yaani anaumia kama sisi, fundi tu ndo wake hodari.

Na hatoki bure. Akishakula dozi kubwa anaweza kuishi lakini kizazi ndo basi, na mayai machanga yanakufa kwa dozi ndogo tu sababu seli zake zinagawanyika mfululizo, hazipati muda wa kujiunga, za mkubwa nyingi zimetulia.

Akiendelea kubisha mtajie bakteria Deinococcus radiodurans, huyo sio mnyama lakini atampenda. Alipatikana 1956 Marekani kwenye nyama ya kopo, waliipiga mionzi ili vijidudu vyote vife, ikaoza vilevile.

Shemeji msalimie, na mtoto anijibu mwenyewe, asikutume wewe.

Mdogo wako