Anaimba ei-bii-sii lakini "kuku" hawezi kusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nikirefusha kata tu sitakasirika. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala, nashona nguo hapa hapa barazani, elimu yangu darasa la saba na ualimu sijawahi kuusomea hata siku moja. Nataka kuongelea hili la kumfundisha mtoto kusoma na kuandika nyumbani, maana kila nikilitaja watu wananiangalia kama nimesema namng'oa mtoto jino kwa koleo.

Wa kwanza tulimpeleka chekechea ya Kiingereza. Ada tunakopa kwenye kikoba, sare, na sweta juu (Dar hii na joto lake, sweta!), kila Ijumaa anarudi anaimba ei bii sii mpaka mwisho, baba yake anamrekodi na simu anatuma kwenye grupu la ukoo, mashangazi wanapiga vigelegele. Tukajua mtoto kashaiva. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, tukakaa nao ndani mpaka mwisho wa Juni, na ndo hapo nikagundua. Siku hiyo nakata kitambaa, nikachukua chaki yangu ya kushonea nikaandika mezani kuku, nikamwambia soma. Akasema "kei yuu kei yuu". Nikamwambia sawa, kwa hiyo ni nini? Akanitazama kama mi ndo sijaelewa, akarudia, "kei yuu kei yuu". Na kuku mwenyewe yuko pale mlangoni anadonoa.

Shule siitaji na yule mwalimu simlaumu, alifundisha tulichotaka sisi wazazi, tulitaka Kiingereza cha kuwaonyesha majirani. Lakini Kiswahili hakisomwi kwa majina ya herufi, utaunganisha bii na ei mpaka kesho na ba haitoki. Sisi tulifundishwa a e i o u kama zinavyolia, halafu ba be bi bo bu tunaimba darasa zima, na raha ya Kiswahili ni kwamba a ya baba ndo a ya karatasi, haikugeuki njiani. Kiingereza kinageuka, nacho kina wakati wake, mtoto akishajua kwamba maandishi yanaongea.

Basi wa pili, binti, nikasema huyu haendi popote mpaka umri wa darasa la kwanza ufike. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto wa miaka saba awe ameandikishwa na mi sigombani na serikali, ila kabla ya hapo ni wangu. Tulianza ana miaka mitano, nusu saa baada ya chai, akichoka tunaacha.

Siku ya kwanza irabu tu, na watu hawajui kwamba irabu peke yake zinatosha kusoma maneno, kuna ua, kuna au, kuna oa, hiyo oa alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ya pili nikaongeza m, tukapata mama, mimi, umia. Siku moja nikamtuma dukani akarudi mbio mikono mitupu hata hiyo sabuni hajanunua, "mama kule dukani wameandika omo!" Yaani herufi mbili anazozijua ndo zimeandika jina zima la sabuni. Kuanzia hapo sikupumzika, chupa ya maji ya Uhai anasoma, mfuko wa unga anasoma, vibao vya daladala anasoma gari likishaondoka. Mbagala yenyewe ilimtesa. Alikuwa anataka m ilie kwanza halafu ba ifuate, na ukimwambia hapo m na b zinalia pamoja anakuuliza mbona kwenye mtu m iko peke yake. Kueleza nilishindwa, nikaja na makofi, mba-ga-la makofi matatu, m-tu makofi mawili, kikaeleweka kwa mikono.

Kuandika ndo kuna kazi. B na d zilikuwa zinamgeukia, akabandika karatasi mlangoni "dada njoo ule" akimaanisha baba, mume wangu karudi kazini anauliza dada gani tena anaalikwa humu ndani. Dawa yake ilikuwa ndogo, b unaanza na fimbo halafu tumbo, d unaanza na tumbo halafu fimbo, anaimba huku anaandika kwa kidole kwenye mchanga, penseli baadaye.

Sasa na aibu yangu niiseme. Kwetu ni Kanda ya Ziwa na r na l kwangu ni kitu kimoja. Mtoto akaniandikia "nataka kura wari". Siyo kosa lake, ameandika alichosikia kwa mama yake. Kura, saa saba mchana, na njaa yake! Hapo nikajua nyumbani mtoto anarithi mpaka makosa yako. Nyumba ya pili kuna bibi mmoja mtu wa Pangani, nikawa nampeleka kwake jioni amtajie maneno ayaandike, kula na kura, wali, kalamu na karamu, na mi nakaa pembeni najifanya napepeta mchele kumbe nasoma na mimi. Na kuna siku somo halipo kabisa, Idi ikikaribia nina magauni ya watu mpaka usiku wa manane, wiki mbili zinapita hivi hivi. Sitaki mtu adhani ni mteremko.

Yule mkubwa naye alisomea meza hiyo hiyo, kwa shida zaidi, maana ilibidi kwanza nimsahaulishe kei yuu. Wote sasa wako shule ya serikali, na huko tangu 2015 darasa la kwanza na la pili mkazo ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wala sipingani nao, ila darasa limejaa na mwalimu ni mmoja, atamfikia wangu saa ngapi?

Kilichonileta Mhariri ni ombi. Gazeti lako ndo lilikuwa kitabu chetu, likishasomwa nakata herufi nabandika kwenye boksi la biskuti. Shida ni kwamba vichwa vya habari vyote mnaandika herufi kubwa, na mtoto anayejua g na r ndogo akiona G na R anaona wageni, halafu huko ndani maandishi ni kama sisimizi. Wekeni hata robo ukurasa Jumamosi, herufi ndogo zilizochapwa kwa ukubwa, sentensi fupi, na iwe habari ya kweli, mvua, bei ya nyanya, Simba na Yanga, tumechoka na sungura na fisi. Na bei ya gazeti isipande kwa ajili hiyo.

Mkiiweka, mtu aikague r na l kwanza. Juzi mliandika barabara imefungwa "kwa ajiri ya matengenezo". Aliyeliona ni binti yangu, mi nilishapita.

Mama wa wawili,
Mbagala, Dar es Salaam