Majirani, tusiache maembe yaozee chini ya miti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa milimani hapa Mwanza. Mvua za vuli zimeanza, miembe imebeba, na embe likianguka tunaliacha hapohapo au tunalisukuma kwa fagio hadi mpakani kwa jirani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mabatini. Nusu ya ua wangu ni jabali, kwa hiyo mchicha na matembele nimepanda kwenye viroba, na penye udongo pamesimama mwembe na mipera. Mapera ndiyo yanayoniuma. Pera limeiva, linanukia vizuri, ukilipasua limejaa funza.

Huyo ni inzi wa matunda, mdudu mwenye asili ya Asia aliyegundulika Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga tunda likiwa bado mtini. Likianguka, funza hutoka na kujichimbia udongoni, kisha huibuka inzi wapya. Hao hawajui mpaka wa mtu. Naweza kusafisha uani kwangu kila siku, lakini mwembe wa jirani ukiachwa, mapera yangu yamekwisha. Kupuliza dawa sitaki kabisa, maana wajukuu huchuma na kula palepale.

Wataalamu hushauri matunda yaliyoharibika yafukiwe futi mbili kwenda chini. Ushauri mzuri, ila aliyeshika sururu Mabatini au Igogo anajua kwamba shubiri moja tu unagonga mwamba. Kwetu linalowezekana ni kuyaokota kila asubuhi, kuyatia kwenye nailoni nzito, kuifunga pasibaki upenyo, na kuianika juu ya jiwe kwenye jua kali siku kadhaa. Mawe yetu mchana hayakanyagiki kwa mguu mtupu. Funza hawaponi humo. Mwenye mbuzi au nguruwe awape siku hiyohiyo. Tafadhali, yasitupwe mtaroni, kwa sababu mitaro yetu inamwaga Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa walizungumze jambo hili kwenye kikao kijacho, na maafisa ugani wa kata waje watuonyeshe mitego ya kunasa madume ya inzi hao. Shule zenye miembe nazo zihusishwe. Ikiwezekana, mitaa ya bondeni, ambako udongo upo, ichimbe shimo moja la pamoja kabla maembe hayajaanza kudondoka kwa wingi.

Mwalimu mstaafu,
Mabatini, Mwanza