Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uvimbe Adimu wa Ovari na Fedha za Kusoma Sampuli Upya

Ndugu wanachama,

Shughuli zetu za kawaida mnazijua. Tuliwatembelea wagonjwa wodini, tuliwazika wenzetu 2, tuligawa vipeperushi na mwezi wa Oktoba tulifanya matembezi ambayo picha zake kila mmoja anazo kwenye simu yake, kwa hiyo sitawachosha kwa hayo.

Kuhusu fedha, tuko wanachama 61 na waliolipa ada ya shilingi 24,000 ni 23, sawa na shilingi 552,000. Wahisani walitupa 1,900,000. Tulitumia 870,000 kwa nauli na rambirambi, 310,000 kwa vipeperushi na 1,120,000 kwa kusoma upya sampuli za wanachama 7, yaani vipande vya uvimbe wao kuangaliwa tena maabara ili kujua ni wa aina gani, na zimebaki 152,000.

Hizo 1,120,000 ndizo zilizosemwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni. Imedaiwa kwamba mwenyekiti alichukua fedha za wengi akawapa wachache, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu uvimbe wake mwenyewe ni wa aina adimu. Sampuli yangu haikuwa miongoni mwa hizo 7. Ilisomwa upya miaka 6 iliyopita kwa fedha zangu, na risiti ninayo.

Takriban saratani 9 kati ya 10 za ovari huanzia kwenye seli za utando, na karibu kila kipeperushi, pamoja na vyetu vya zamani, huandikwa kwa ajili ya hizo. Zilizobaki ni mchanganyiko wa magonjwa yasiyofanana. Zipo zinazoanzia kwenye seli za mayai, ambazo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na zipo zinazoanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni, kama uvimbe wa granulosa ninaougua mimi, ambao humwaga estrojeni hadi mwanamke aliyekwisha koma hedhi akaanza kutokwa damu upya. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba karibu kila uvimbe wa granulosa wa watu wazima una kasoro ileile moja katika jeni ya FOXL2. Jina la ugonjwa likikosewa, mgonjwa anaweza kupewa tiba ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Kati ya sampuli 7, majibu ya 4 hayakubadilika, na wapo waliosema kwamba fedha za hao 4 zilipotea. Mimi sioni hivyo, kwani mwanamke anayethibitishiwa jibu lake hulala usingizi. Majibu 3 yalibadilika. Mwanachama mmoja alikuwa akifuatiliwa kwa CA-125, kipimo cha damu cha saratani ya ovari, ambacho kila mara kilirudi kizuri, kumbe uvimbe wake ni wa granulosa, unaofaa kufuatiliwa kwa inhibini B, homoni inayopimwa kwenye damu. Wa pili aligundulika kuwa na uvimbe wa Krukenberg, yaani saratani iliyosambaa hadi kwenye ovari kutoka kwingine, na kwake chanzo kilikuwa kwenye mfuko wa chakula, hivyo tiba yake ikaelekezwa huko. Wa tatu ni binti wa miaka 17 aliyekuwa amepangiwa kuondolewa ovari zote mbili pamoja na kizazi. Mama yake alikuja kwangu na kitalu cha nta chenye kipande cha uvimbe wa binti yake, kisichozidi ukubwa wa kete ya dhumna, amekizungushia pamba na kukitia ndani ya kopo la poda, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Jibu lilikuja disijeminoma, uvimbe wa seli za mayai unaosikia dawa vizuri sana. Akatolewa ovari moja, akapewa dripu za dawa za saratani, yaani bleomisini, etoposidi na sisplatini, na hedhi yake imerejea. Anayetaka nirudishe shilingi 160,000 za binti huyo aniambie mbele ya mama yake.

Ni kweli kwamba uamuzi huo haukupitishwa na kikao chenye akidi. Akidi ni watu 20. Niliitisha kikao mwezi wa Mei wakaja 9, nikaitisha tena mwezi wa Juni wakaja 11, nao mmoja alikuwa amefuata viti vyake alivyotuazima, ilhali chakula kilikuwa kimepikwa cha watu 40. Kitalu kilikuwa mezani na tarehe ya upasuaji ilikuwa imekwisha kupangwa, kwa hiyo nilisaini pamoja na mweka hazina, na ningesaini tena.

Wengi wasiohudhuria huniambia kwamba wamepona na hawaoni sababu ya kuja. Wenye granulosa hasa nawasihi wasiseme hivyo, kwa kuwa uvimbe huu unaweza kurudi baada ya miaka 10 au hata 20, wakati faili limekwisha kufungwa na daktari aliyekupasua amekwisha kustaafu. Kwenye daftari letu wapo 5 wa aina hiyo, na 3 kati yao sijawaona tangu mwaka juzi wala simu zao hazipatikani.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia na hali ikiruhusu, tunatarajia kutunga kipeperushi cha aina hizi adimu na kuangalia uwezekano wa kuwa na mfuko wake wa pekee, ili lawama zipungue. Ada zinapokelewa leo kwa mweka hazina, ambaye amekaa karibu na mlango.

Naomba kuwasilisha.