Nguzo za Izumo

Matsue, Japani, Novemba

Kwako shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Za Tanga?

Jumapili nilikwenda Izumo Taisha, hekalu kongwe la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Hapa Matsue unapanda treni ndogo inayoambaa na ziwa Shinji, unabadilisha treni kituo cha Kawato, umefika. Palijaa watu. Husemwa kwamba mwezi wa kumi wa kalenda yao ya kale, miungu ya Japani nzima hukutana Izumo, na ndio huu.

Jumba kuu ni la mwaka 1744, kimo chake mita 24. Huingii. Unachungulia paa la magome ya mti juu ya uzio, basi. Lakini mhandisi wewe, sikia hili: masimulizi yanasema zamani lilikuwa na mita 48! Wengi waliona ni majigambo tu. Mwaka 2000 wakachimba uwanjani, wakakuta mabaki ya nguzo za karne ya 13: magogo matatu ya mwerezi yamefungwa pamoja kuwa nguzo moja, upana wake karibu mita 3. Na ukoo wa makuhani una mchoro wa kale unaoonyesha nguzo za namna hiyohiyo. Hiyo haithibitishi mita 48, najua utasema. Lakini kumbukumbu za kale zinasema jumba liliwahi kuporomoka, tena si mara moja, nami nikajiambia: kifupi hakiporomoki hivyo.

Mahali nguzo zilipofukuliwa pamechorwa duara tatutatu chini. Watu wanazikanyaga tu wakiwahi kupiga picha kamba ya mabua ya mpunga kwenye ukumbi wa pili, mita 13 na zaidi, tani 5, nene kama ngalawa. Nzuri, sikatai, ila mimi ziliniteka zile duara.

Kusali kwao ni kuinama mara mbili, makofi manne (kwingine ni mawili), kisha kuinama tena. Mimi nilisimama kando, wala hakuna aliyeniuliza. Wasichana ndio wengi, maana Okuninushi, mungu wa hapo, husifika kwa kuunganisha watu. Shangazi zako wasisikie, watakukatia tiketi.

Sasa nifanyie hesabu: jumba la mbao, nguzo tisa za aina ile, nchi ya matetemeko. Mita 48 zingesimama? Nijibu kwa michoro, si kwa maneno.

Msalimie mama na wadogo zako.

Wako,
Mwanaidi