Barua kwa mwanangu: muulize akiwa peke yake

Mwanangu mpendwa,

Huku Tukuyu hatujambo. Mvua haijakatika, na goti la baba yako linamsumbua asubuhi tu. Habari ya uhamisho wako nimeisikia kwa kaka yako, naye kaipata kwako mkiwa mnaongea mambo ya pikipiki. Sijakasirika sana. Ila jambo kubwa namna hiyo mama hapaswi kulipata kwa kudokezwa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi: nikianza neno, simu yako ya pili inaita, unaniambia "mama, nitakupigia", na hupigi.

Hongera, mama. Hongera sana. Kusikia kwamba utakuwa mratibu wa wagonjwa wa kupandikizwa figo kule Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nimejivuna mbele za watu bila aibu. Wengi huku wanadhani kupandikiza figo ni daktari na kisu, basi. Nawaeleza kama ulivyonieleza: kabla ya kisu kuna miezi ya mtu mmoja kukimbizana na maabara, vipimo vya moyo, kadi ya bima, bingwa wa figo, daktari wa upasuaji, mtu wa usingizi, afisa ustawi wa jamii, na ndugu wenye maswali yale yale kila siku. Na baada ya kisu mtu huyo huyo anabaki na mgonjwa miaka. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa India, na asiye na njia alibaki na mashine ya kusafisha damu. Muhimbili wakaanza Novemba 2017, Mkapa wakafuata Machi 2018, na leo binti yangu anaitwa kwenda kushika daftari. Namshukuru Mungu.

Sasa nisikilize. Ninalotaka kukuambia ni la mchangiaji. Muulize akiwa peke yake.

Hapa kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai. Kila mgonjwa atakayefika mezani kwako atakuja na mtu mzima wa afya, asiyeumwa hata jino, ambaye ninyi mtampasua. Na mgonjwa huyo hatafika akiwa peke yake katika uchovu. Wewe unawajua wanaotoka huku kwenda Rufaa Mbeya kusafishwa damu: mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa 4 kila mara wamefungwa kwenye mashine, nauli kwenda, nauli kurudi, na mtu wa kuwasindikiza ambaye siku hiyo halimi wala hauzi. Ukoo mzima unachoka. Wakisikia neno kupandikiza, siku hiyo hiyo wanaanza kuangaliana, na macho yote yanatua kwa mtu mmoja. Mara nyingi ni yule asiye na pa kukimbilia.

Habari za shangazi yako unazijua, sizirudii. Ila kikao chenyewe hukuwepo, ulikuwa chuoni. Baba yako mdogo, ambaye ndiye aliyehitaji figo, ni kundi la damu O, na ulinifundisha mwenyewe kwamba O hupokea kwa O tu. Waliopatikana na O ni wawili: shangazi yako na kaka yao mkubwa. Kaka mkubwa juma lile akapata safari ya Tunduma. Akabaki shangazi yako, aliyerudi kutoka kwa mume, na nyumba anayolala imejengwa kwenye kiwanja cha huyo huyo mgonjwa. Wazee wakasema maneno mazuri, damu ni damu, Mungu atamlipa. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa chai. Alinifuata jikoni akasimama karibu na mafiga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, nikikataa nitalala wapi?" Nikamwambia anywe chai yake, itapoa. Tukarudi ndani.

Hospitali walikokwenda waliulizwa wamekaa kwenye benchi moja, kaka mtu na dada mtu, karatasi mbele yao. Akasema ndiyo. Ulitaka aseme nini?

Usinielewe vibaya. Baba yako mdogo yupo, analima, anaimba kwaya, na hakuna anayejuta kwamba yupo. Hata shangazi yako hajuti, ukimuuliza atakwambia figo iliyobaki inamtosha. Lakini hakuulizwa, mwanangu. Aliambiwa kwa njia ya kuulizwa. Mimi namwona akipita na mkungu wa ndizi kichwani, na hilo haliniachi.

Ndiyo maana siku ile uliponieleza kwamba mchangiaji anaweza kujitoa hata dakika ya mwisho, na kwamba daktari anaweza kuwaambia ndugu "huyu hafai kutoa" bila kueleza sababu, ili asirudi nyumbani kuwa adui wa ukoo, nilikaa kimya wewe ukadhani sijaelewa. Nilielewa. Shikilia hilo kuliko yote. Wengi hawatajua kwamba mlango huo upo mpaka wewe uwaonyeshe. Daktari wa upasuaji watamwogopa, afisa watadhani anatafuta kosa kwenye karatasi. Wewe muuguzi watakuambia kweli, tena mkiwa mnatembea kwenda maabara, si ofisini. Kwa hiyo tembea nao. Mtoe mchangiaji kwa mumewe, kwa kaka yake, kwa mama mkwe, hata kama mama mkwe analia. Akinyamaza, usiandike kwamba amekubali. Muulize tena siku nyingine, akiwa peke yake tena. Kama haongei Kiswahili vizuri, usimtumie ndugu wa mgonjwa kutafsiri. Tafuta mtu mwingine wa lugha yake.

Na mkishamaliza upasuaji, msimwache. Baba yako mdogo alirudi na mfuko wa dawa, tarehe za kliniki na namba ya simu ya muuguzi. Shangazi yako alirudi na kovu. Aliambiwa asibebe kitu kizito wiki kadhaa, lakini nani aliwaambia wa nyumbani? Huku mwanamke asiyelala kitandani anahesabiwa mzima. Kabla majuma hayajaisha alikuwa ameshashika ndoo. Wewe andika kwa maandishi makubwa, mpe mumewe au kaka yake, msomee na mbele ya wote: huyu habebi. Na kila mwaka apimwe presha, damu na mkojo, kwa sababu ana figo moja ya kulinda. Mpigie simu yeye pia. Si mgonjwa peke yake.

Wagonjwa wenyewe utawamudu, sina wasiwasi. Ila kwa kuwa nimeishi na mmoja, nikuongezee machache. Ukiwaambia dawa wanywe kila baada ya saa 12, waulize wana saa gani nyumbani, maana wengine wanafuata redio na siku umeme ukikatika wanakisia. Ukiwaambia siku ya kupima kiwango cha dawa wafike asubuhi kabla hawajameza, waambie na sababu. Baba yako mdogo alimeza kwanza akaenda, akaona amefanya adabu, kipimo kikaharibika na nauli ikapotea. Na lile neno kwamba dawa zinashusha kinga lieleze taratibu. Watu huku walivyosikia kinga imeshuka, wakaja na mizizi ya kuipandisha. Mama mmoja wa kanisani alileta chupa nzima, kwa upendo kabisa. Hawakujua kwamba kinga ikipanda ndiyo inayoishambulia figo ngeni, na kwamba mizizi yenyewe inaweza kugombana na dawa. Maziwa nayo. Sisi watu wa Rungwe tunakunywa maziwa na mgando kama maji, na mtu hafikirii kwamba mgando wa nyumbani haukuchemshwa. Mwambie mgonjwa achemshe, na uulize anakunywa nini hasa, usiulize tu kama anakula vizuri. Wote watakujibu ndiyo.

Wewe mwenyewe je, unakula? Mara ya mwisho uliondoka sahani ikiwa nusu, simu sikioni, unamwambia mtu akapime homa sasa hivi asisubiri kesho. Najua homa kwa hao si ya kusubiri. Lakini mtu anayelala saa chache na kushinda na chai ya rangi hawezi kumsikiliza mwanamke anayenong'ona. Atataka ndiyo ya haraka ili apange tarehe ya theatre. Hapo ndipo ninapoogopa, nakuambia wazi. Siogopi kwamba utakosea dawa. Naogopa siku vipimo vyote vimekubali, chumba kimepatikana, madaktari wapo, mgonjwa anakutazama kama Mungu wake, na mchangiaji anainamisha kichwa. Siku hiyo utakuwa umechoka. Siku hiyo hiyo mtoe nje, muulize akiwa peke yake.

Basi. Dodoma ni joto na vumbi, na maji yake wanasema yana chumvi, kwa hiyo sabuni haitoi povu kama huku. Chukua ya kutosha Mwanjelwa kabla hujaondoka. Safari yenu itapita Makambako na Iringa, halafu Mtera. Usipande basi la usiku. Baba yako anasisitiza hilo, mimi namwandikia tu. Shuka zako mbili nimezifua, zile za maua nimempa mdogo wako, usimgombeze.

Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Fedha za majani ya chai bado hazijalipwa, tunaambiwa mwisho wa mwezi kama mwezi uliopita. Kaka yako atakuletea mchele wa Kyela na parachichi Uyole siku ya Jumamosi, kwa hiyo usiondoke Ijumaa. Parachichi ni ngumu, zifunge kwenye gazeti zitaiva njiani. Shangazi yako ameongeza karanga. Mpigie umshukuru, na umuulize presha alipima lini, mimi akinijibu ananijibu kwa mzaha.

Miparachichi yako ile ya Hass imezaa vizuri. Mnunuzi amepita, bei yake si mbaya lakini jirani anasema tungoje wa Njombe. Ni shamba lako, sitaki kuamua. Nijibu kabla ya Alhamisi, atarudi siku hiyo na mizani.

Mama yako